Mjamzito Anayeuza Mwili Naye ni Mama: Makosa Mawili Yanayohatarisha Mimba



Mara nyingi karatasi hii huzungumzia vyandarua, vyoo, maji ya kunywa na chanjo za watoto. Leo tunaingia katika jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona kwenye foleni ya bomba, lakini mikutanoni kila mtu hunyamaza. Ni habari ya ujauzito wa akina mama na akina dada wanaopata riziki kwa kuuza mwili.

Najua wako watakaouliza, "Watu hao waandikiwe karatasi ya nini?" Kabla ya kujibu, naomba nisimulie jambo moja.

Msimu wa mvua uliopita, katika kuzunguka nyumba kwa nyumba, nilimkuta dada mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Hakuwa na kadi ya kliniki. Nilipomuuliza sababu, alisema alikuwa amekwenda mapema, mimba ikiwa na miezi mitatu, katika kituo kimoja. Mlangoni akaulizwa, "Mume wako yuko wapi? Nenda ukamlete." Hakuwa na mume wa kumleta, na baba wa mimba hakumjua. Akageuka, akarudi nyumbani, akakaa miezi minne. Tulipokwenda pamoja na damu yake ikapimwa, ilionekana ana kaswende. Alichomwa sindano siku ile ile. Mtoto alizaliwa hai, naye ananyonya vizuri. Lakini ile miezi minne ilipotea kwa sababu ya neno moja la mlangoni, na ingeweza kumpoteza mtoto.

Njiani aliniambia jambo la pili. Tangu apate mimba alikuwa ameacha kutumia kondomu. "Mimba imekwisha ingia, nijikinge na nini tena?" Na wateja wake walifurahi.

Mambo hayo mawili, kuacha kondomu na kuchelewa kliniki, ndiyo makosa yanayowaponza wengi. Tutayaeleza moja baada ya jingine, kisha tutataja dalili za hatari na mahali pa kukimbilia.

TUNAMZUNGUMZIA NANI?

Wengi wakisikia habari ya kuuza mwili humfikiria mwanamke anayekaa kwenye vilabu vya pombe. Huyo ni mmoja tu. Yuko pia mjane anayepewa kilo mbili za unga na mtu anayekuja usiku. Yuko dada mwenye "rafiki" anayemletea sabuni na mafuta, na siku asipomkubali, sabuni haiji. Yuko mama anayekwenda kutafuta kibarua cha kulima, akaambiwa malipo yatatolewa jioni, na jioni akadaiwa kingine.

Sababu tunazijua sote, maana tunakula posho moja. Mwaka 2023 posho ya wakimbizi hapa Tanzania ilipunguzwa, na kufikia mwezi Juni mwaka huo ilikuwa nusu ya kipimo kinachotakiwa. Mama mwenye watoto wanne, asiye na ruhusa ya kutoka kambini wala shamba la kulima, alijaziaje ile nusu nyingine? Kila mmoja ajibu moyoni mwake.

Kuhusu wasichana walio chini ya miaka 18, hao hatuwaiti wauzaji wa kitu chochote. Huyo ni mtoto aliyetendewa kosa, na anayemlipa ndiye mkosaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 ipo kwa ajili ya kuwalinda watoto hao. Tena mwili wa msichana mdogo haujakomaa kwa uzazi. Kifafa cha mimba na uchungu uliokwama humpata zaidi kuliko mwanamke aliyekomaa. Ukimjua msichana wa namna hiyo mwenye mimba, mlete kliniki leo, usingoje kesho.

KOSA LA KWANZA: KUACHA KONDOMU MIMBA IKISHAINGIA

Kondomu ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzuia mimba. Kazi ya pili ni kuzuia magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI. Mimba ikishaingia, kazi ya kwanza imekwisha kweli. Ya pili haijaisha, bali imeongezeka, kwa kuwa sasa wanaolindwa ni wawili.

Tuchukue virusi vya UKIMWI. Mtu anapoambukizwa, katika wiki za mwanzo virusi huwa vingi sana ndani ya damu yake, hata kama anajiona mzima. Mama akiambukizwa akiwa na mimba, au akiwa ananyonyesha, huo wingi wa virusi humfikia mtoto kwa urahisi. Na hapo pana mtego. Huenda mama huyo alipimwa mwanzo wa mimba akaambiwa hana virusi. Akaiweka kadi yake vizuri, akaamini yuko salama, kumbe aliambukizwa mwezi wa tano wa mimba. Hanywi dawa, kwa sababu hajui.

Kwa hiyo, dada uliye na wenzi zaidi ya mmoja, kipimo kimoja hakitoshi. Omba upimwe tena mimba inapokuwa kubwa, na upimwe tena wakati wa kunyonyesha. Usione haya kuomba. Haki ya kupimwa tena ni yako.

Tuje kwenye kaswende. Ugonjwa huu huanza na kidonda kisichouma, ambacho kwa mwanamke huweza kuwa ndani asikione. Kidonda hupona chenyewe, lakini ugonjwa unabaki katika damu na kumwingia mtoto tumboni. Watafiti waliowafuata wajawazito mkoani Mwanza katika miaka ya 1990 waliona kwamba kati ya wale waliokuwa na kaswende kali bila kutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Wengine walizaa njiti, au watoto wenye uzito mdogo. Lakini waliotibiwa mapema kwa sindano moja tu ya penisilini walijifungua salama sawa na wale wasiokuwa na ugonjwa. Sindano moja, ndugu zangu, hiyo ndiyo tofauti ya jeneza dogo na mtoto anayelia.

Hata hivyo sindano hiyo inatibu ugonjwa uliopo, haizuii ugonjwa unaokuja. Mama aliyetibiwa mwezi wa tatu, akarudi kwa mteja mwenye kaswende bila kondomu mwezi wa nne, anaupata tena. Mke wa mtu huambiwa amlete mumewe watibiwe wote wawili. Dada huyu atamleta nani kati ya wengi? Ndiyo maana kwake kondomu ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kisonono na klamidia navyo ni hivyo hivyo. Huweza kukaa bila dalili kwa mwanamke. Mtoto akipita njia ya uzazi yenye ugonjwa huo, macho yake huambukizwa, na kisonono huweza kumpofusha. Ndiyo sababu watoto wanaozaliwa hospitali hupakwa dawa ya macho.

Zingatia haya:

1. Tumia kondomu mpya kwa kila tendo na kwa kila mtu, hata "rafiki" wa siku zote.
2. Usipake mafuta ya kula, ya nazi wala ya mgando juu ya kondomu ya kawaida. Mafuta huilegeza mpira ikapasuka.
3. Mteja akikataa kuvaa, ipo kondomu ya kike ambayo mwanamke huivaa mwenyewe. Uliza kituoni kama wanazo.
4. Viko vidonge vya kujikinga na virusi vya UKIMWI vinavyoitwa PrEP, kwa mtu asiye na virusi ambaye yuko katika hatari. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuvitumia. Muulize mhudumu. Kumbuka kwamba vidonge hivyo havizuii kaswende wala kisonono.
5. Acha kujiosha ndani kwa sabuni, chumvi au dawa za majani za kukausha. Huleta michubuko, na kila mchubuko ni mlango wa ugonjwa.
6. Usijinunulie kapsuli za rangi mbili kwenye vibanda ukiona usaha au muwasho. Ziko dawa, kama tetrasaikilini, zinazoharibu meno ya mtoto aliye tumboni. Tena dawa isiyokamilika huficha ugonjwa bila kuuponya.

KOSA LA PILI: KUCHELEWA KLINIKI

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, yaani ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Zamani tuliambiwa mara 4. Lakini dada wengi tunaowazungumzia huja mara moja, tumbo likiwa kubwa, au huja siku ya uchungu.

Kwa nini wanachelewa? Tumewauliza, na majibu yao yanafanana. Wanaogopa kuulizwa habari za mume. Wanaogopa majirani waliokaa benchi moja nao. Wanaogopa matokeo ya kipimo. Na wengine hawana nafasi, kwa sababu usiku hawakulala.

Tuliseme wazi la mume. Mwanamume kumsindikiza mkewe kliniki ni jambo jema, nasi tunalihimiza. Anapimwa, anatibiwa, anasikia mafundisho. Lakini jambo jema si sharti. Mjamzito asiye na mume anastahili kupokewa kama alivyo. Wajane wako wengi kambini, na walioachwa nao ni wengi. Wapo pia ambao waume zao walibaki Kongo au Burundi na hawajulikani kama wako hai. Wote hao wamlete nani?

Ukifika mlangoni, sema hivi: "Nimekuja kuanza kliniki. Sina mwenzi wa kuja naye." Inatosha. Ukirudishwa, usirudi nyumbani ukakaa. Mwone mhamasishaji wa afya wa eneo lako, au mkunga mkuu wa zamu, au dawati la malalamiko la shirika. Sisi wahamasishaji tuko tayari kukusindikiza. Ni kazi yetu.

Huduma hii si fadhila ya mtu. Mwaka 1994 mataifa yalipokutana Cairo, Misri, katika mkutano wa idadi ya watu na maendeleo, yalikubali kwamba afya ya uzazi ni haki ya watu wote, wakimbizi wakiwemo. Mwaka 1995 mashirika yakaunda kikundi cha pamoja cha kushughulikia afya ya uzazi ya wakimbizi, na kitabu chao cha mwongozo kikatolewa kwa majaribio mwaka 1996, na kikamilifu mwaka 1999. Kwa hiyo mkunga anapokupokea, anatekeleza jambo lililokubaliwa miaka mingi.

Je, ni lazima umwambie mkunga kazi unayofanya? Si lazima. Lakini ukimwambia tu kwamba una wenzi zaidi ya mmoja, atajua kukupima mara nyingi zaidi, na hilo ni kwa faida yako. Unayomwambia ni siri ya chumba kile. Muuguzi si polisi, wala kadi ya kliniki si karatasi ya mashtaka.

Siku ya kwanza kliniki utafanyiwa haya:

- Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende na wingi wa damu. Pale penye vipimo, hupimwa pia homa ya ini aina ya B.
- Shinikizo la damu hupimwa, na mkojo huangaliwa.
- Hupewa vidonge vya kuongeza damu, chandarua, na chanjo ya pepopunda.
- Kuanzia mwezi wa nne hupewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayekunywa septrini kila siku hapewi SP, basi amweleze mhudumu.

Dada anayekesha usiku nje huumwa sana na mbu, na mara nyingi hula mara moja kwa siku. Malaria na upungufu wa damu vikikutana, kutokwa damu kidogo tu wakati wa kujifungua kunaweza kumwua. Kwa hiyo vidonge vile vyekundu usiviache chini ya mto.

Ukikutwa na virusi vya UKIMWI, usivunjike moyo. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, watoto 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akinywa dawa kila siku, na mtoto akipewa dawa yake baada ya kuzaliwa, hubaki chini ya watoto 5. Anza dawa siku ile ile, na usiziache baada ya kujifungua.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE ASUBUHI

Mjamzito yeyote akiona mojawapo ya dalili hizi, aende kituoni mara moja, hata usiku:

1. Kutokwa na damu ukeni, nyingi au kidogo.
2. Maumivu makali ya tumbo.
3. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba.
4. Degedege au kuzimia.
5. Homa kali.
6. Maji kupasuka kabla ya uchungu, au maji yenye harufu mbaya.
7. Mtoto kuacha kucheza au kupunguza kucheza.

Kwa dada tunaowazungumzia leo, yako mawili ya kuangaliwa zaidi.

La kwanza ni mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huacha makovu katika mirija ya uzazi. Baadaye mimba ikiingia, hukwama katika mrija ule mwembamba. Mrija hupasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mama huweza kufa akiwa haonekani kutokwa damu nyingi kwa nje. Ukikosa siku zako, kisha upate maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu yanayopanda hadi begani, hilo si chango. Ni upasuaji, na ni wa haraka.

La pili ni kupigwa. Wateja wengine hupiga, na waliolewa hupiga zaidi. Ukipigwa teke, ngumi au ukaanguka kwa tumbo, nenda ukaangaliwe hata kama huumwi sana. Kondo la nyuma linaweza kubanduka kidogo kidogo, na damu ikajificha ndani.

Pombe nayo tuitaje. Wako wanaokunywa ili wapate ujasiri wa usiku. Pombe humfikia mtoto na kudumaza mwili na ubongo wake. Hakuna kipimo cha pombe kilicho salama kwa mjamzito.

KONDOMU IKIPASUKA, AU UKILAZIMISHWA

Kubakwa ni kubakwa, hata kwa mwanamke anayeuza mwili. Aliyekubali mmoja hakuwakubali watatu. Aliyekubali kwa kondomu hakukubali bila kondomu. Ukilazimishwa, au kondomu ikipasuka, hesabu saa:

- Ndani ya saa 72, yaani siku 3, unaweza kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visikae mwilini. Hunywewa kwa siku 28. Ukianza mapema zaidi ni bora zaidi, na baada ya saa 72 hazisaidii.
- Ndani ya saa 120, yaani siku 5, unaweza kunywa kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Nacho kila saa inayopita hupungua nguvu.
- Utapewa pia dawa za magonjwa ya zinaa na huduma kwa majeraha.

Tangulia hospitali kwanza. Mambo ya polisi na karatasi zake yafuate baadaye ukitaka, kwa kuwa dawa hizi haziwezi kungoja.

MIMBA USIYOITAKA

Tuseme ukweli, mimba nyingi katika hali hii hazikupangwa. Dada hujikuta na mimba, na mara husikia habari za mtu mwenye mizizi, mwenye vijiti, au mwenye vidonge vya kuuza kwa siri. Jihadhari sana. Vijiti hutoboa mfuko wa uzazi. Uchafu huleta sumu katika damu. Wako waliokufa, na wako waliopona wasizae tena.

Ikiwa mimba imetoka au imetolewa, na una damu nyingi, homa, harufu mbaya au maumivu, nenda hospitali bila kuchelewa. Kazi ya mganga pale ni kusafisha mfuko wa uzazi, kuzuia damu na kuokoa maisha yako. Wengi wanakufa majumbani kwa kuogopa maswali, wakati tiba ipo mwendo wa nusu saa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Bora zaidi ni kuzuia. Sindano hukinga kwa miezi mitatu. Kijiti cha mkononi hukinga kwa miaka mitatu hadi mitano, kufuatana na aina yake. Kitanzi cha shaba hukinga kwa miaka 10 au zaidi. Njia hizi zote hazizuii magonjwa, kwa hiyo dada anayeuza mwili anahitaji ngao mbili, njia moja ya kuzuia mimba pamoja na kondomu.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Mama mwenye mume huletewa uji na kukaa ndani. Dada huyu mara nyingi hana wa kumletea uji, na njaa humrudisha barabarani kabla mwili haujapona. Mfuko wa uzazi bado una jeraha, na ugonjwa huingia upesi. Apumzike angalau wiki 6. Majirani, hapo ndipo sahani ya ugali inapookoa watu wawili.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, hata kama mama ana virusi, maadamu anakunywa dawa zake. Na ijulikane kwamba mimba nyingine inaweza kuingia hata kabla ya kuona siku zako. Kijiti na kitanzi vinaweza kuwekwa mapema baada ya kujifungua, basi ongea na mkunga kabla ya kuondoka wodini.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Mtoto wangu ataandikwa kwa jina la nani, ikiwa baba simjui?
Jibu: Kukosa jina la baba hakumfanyi mtoto asiandikishwe. Jifungulie kituoni ili upewe karatasi ya kuthibitisha kizazi, kisha uende nayo kwenye uandikishaji ili aingizwe katika kadi ya familia yako. Anayejifungulia nyumbani hupata taabu zaidi ya kuthibitisha.

Swali: Mteja ananiongezea pesa nikikubali bila kondomu. Nifanyeje?
Jibu: Hatudharau njaa yako. Ila jiulize kwa nini anaongeza. Anayewazoea wanawake kumkubali bila kondomu amepita kwa wengi namna hiyo hiyo. Akina dada wengine wamekubaliana katika mtaa wao kwamba hakuna hata mmoja atakayekubali bila kondomu, na mteja akakosa pa kukimbilia. Umoja ni nguvu hata hapo.

Swali: Mimi nasali, na mwandishi anafundisha wazinzi kufanya dhambi kwa usalama. Je, ni sawa?
Jibu: Mtoto aliye tumboni ametenda dhambi gani? Viongozi wa dini wana kazi yao na tunaiheshimu. Kazi yetu sisi ni kwamba mama asife na mtoto asife. Aliye hai ndiye anayeweza kutubu.

NENO KWA WANAUME NA KWA VIONGOZI

Ndugu wanaume, hakuna anayeuza pasipo mnunuzi. Kaswende haitoki kwa dada huyo ikaishia hapo. Inarudi na wewe nyumbani, ikalala kitandani kwako, ikamwingia mkeo ambaye huenda leo yuko kliniki na tumbo la miezi sita. Ukiona kidonda au usaha, kapimwe, na umlete mwenzi wako. Hapo ndipo lilipo jibu la wale waliouliza kwa nini karatasi hii iandikwe. Ugonjwa hauulizi nani ana ndoa.

Viongozi wa zoni na wa vijiji, mnapomtangaza dada wa namna hii mbele ya watu, hamumwondoi katika kazi ile. Mnamwondoa katika kliniki tu.

Na wafanyakazi wa mashirika wasikilize pia, tukiwemo sisi wahamasishaji. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa agizo linalokataza mfanyakazi wake kutoa pesa, kazi, bidhaa au msaada ili apate ngono, na kukataza kabisa ngono na mtu aliye chini ya miaka 18. Posho, hema, jina kwenye orodha, kibarua cha shirika, vyote hivyo ni haki yako bila kulipia kwa mwili. Anayekudai hivyo, mripoti. Kuripoti hakukuondolei msaada.

MWISHO

Dada yangu unayesoma au unayesomewa, shika mambo matatu. Ukikosa siku zako, njoo kliniki kabla ya miezi mitatu kwisha, uwe na mume au usiwe naye. Mimba ikishaingia, kondomu iendelee mpaka mtoto aache kunyonya, na baada ya hapo pia. Ukiona damu, maumivu makali au kichwa kisichopoa, njoo hata usiku wa manane.

Yule dada niliyemtaja mwanzo alinipa ruhusa ya kusimulia habari zake bila jina. Aliniambia, "Waambie wenzangu wasikae miezi minne kama mimi." Nimewaambia. Nawe ukimaliza kusoma usiifungie chumvi karatasi hii. Mpe jirani, na asiyejua kusoma asomewe.

Mhamasishaji wa afya ya jamii